Namna ya Kumwita Bosi Mjinga Akakushukuru

Mwache bosi amalize kueleza mpango wake mpya, ule wa kuitisha kikao cha kujadili namna ya kupunguza vikao. Tikisa kichwa kwa heshima, kisha sema taratibu: "Naisi sana, bosi." Atafurahi. Usicheke, maana mbinu yote inategemea uso wako.

Ulichomwambia ni hiki. Neno "nice" asili yake ni Kilatini "nescius": "ne" ya kukanusha na "scire", yaani kujua. Nescius ni mtu asiyejua kitu. Wafaransa wa kale walilipunguza likawa "nice", wakamwita hivyo mpumbavu. Kufikia miaka ya 1300 hivi Waingereza nao walikuwa wakilitumia kwa maana ileile. Mshairi wao Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, akikuita "nyce" huna haja ya kumwalika chakula. Na kwa vile "scire" hiyohiyo ndiyo iliyotuletea sayansi, kwa kupitia Kiingereza, mwalimu wa sayansi aliye naisi ni mtu anayegombana na ukoo wake mwenyewe.

Tusi liligeukaje kuwa sifa? Kwa kuzurura. Kuna wakati lilimaanisha mwenye anasa zisizo na adabu, kisha mwenye haya, kisha mchaguzi, kisha makini wa mambo madogo madogo, na ilipofika karne ya 18 likatulia kwenye kupendeza. Baadhi ya kona za safari hiyo hata wenye kamusi wanabishania. Tusiwacheke sana, na sisi tulichukua ukali wa mbwa na wa pilipili tukaubandika kwenye muziki, na leo msanii haridhiki mpaka aambiwe ngoma yake ni kali.

Sasa onyo, na hapa ndipo wengi huumbuka: usimsahihishe mtu. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817 mwandishi akiwa ameshafariki, binti Catherine Morland anakisifu kitabu kuwa ni "nice" kupita vyote. Kijana Henry Tilney anamtania: unasifia jalada? Kisha anamsomea somo kwamba zamani neno hilo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu, siku hizi watu wanalipaka kila kitu, hali ya hewa, matembezi, wasichana. Anajiamini kweli kweli. Kumbe alichokiita zamani kilikuwa kituo cha katikati tu. Angerudi nyuma karne chache angekuta upumbavu umekaa mlangoni unamsubiri. Kwa maana ya kale, pale aliyekuwa "nice" ni yeye.

Wanasheria nao waogope. Mwanasheria wa Kiingereza akisema hoja yako ni "nice point" huenda anamaanisha ni nyembamba kama unywele, kwa hiyo usimshukuru kabla hujajua anaegemea upande gani.

Bosi akigundua, maana siku hizi kila mtu ana simu yenye kamusi, dai kwamba ulikuwa ukiutaja mji wa Nice huko Ufaransa, ambao jina lake ni la Kigiriki na linahusu ushindi. Ni utetezi mzuri, ila una tundu moja: mji huo hutamkwa "nis". Akilijua na hilo, andika barua ya kuomba radhi, na ndani yake usitie kivumishi chochote cha Kiingereza.