Duara Lisilo na Chungu: Mwongozo kwa Mnywaji wa Ntinda, Kampala, Anayetaka Kuacha

Kwanza kabisa, usiniambie hujui kutafuta. Wewe uliyewahi kuikuta kafunda, baa ndogo ya mtaani, iliyo wazi saa tisa usiku, mvua inanyesha, umeme umekatika Kigoowa nzima, mfukoni una shilingi elfu mbili, wewe ni mtafutaji hodari. Serikali ilipopiga marufuku vipakiti vya waragi mwaka 2019, hukukosa hata siku moja. Ulihamia kwenye chupa. Ujuzi huohuo ndio tunaouhitaji. Uje nao, na ukaidi wako wote.

Anza na mwili. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka kikombe kinakushinda, au uliwahi kuacha kwa siku mbili ukaanguka kifafa au ukaona visivyokuwapo, usiende kwanza kwenye mkutano wa wanaoacha pombe. Nenda kwa daktari. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka ukinyimwa ghafla unaweza kufa, na hali hiyo inatibika. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika ina kitengo cha watu wa pombe na dawa za kulevya. Najua jina hilo mtaani ni tusi. Watu wanatishiana nalo kwenye foleni ya taksi. Tusi hilo limewafungia wengi nyumbani hadi wakazikwa. Wewe nenda, na ukifika uwaulize washauri wa pale mikutano inafanyika wapi.

Sasa tuzungumzie malwa, maana hapo ndipo watu wema hukosea wanapokushauri. Kinachokurudisha pale jioni si ulezi uliochachuka peke yake. Ni duara: chungu katikati, maji moto yanaongezwa, mirija mirefu imetoka kila upande, kila mtu na mrija wake na kiti chake. Kikundi kina mwenyekiti, kina mhazini, kina faini ya mwenye matusi na mchango wa msiba. Ukifiwa, wao wanafika kabla ya shemeji zako. Anayekuambia "achana na walevi wale" hajui anakuomba uache nini.

Kwa hiyo usitafute mahali pa kuhubiriwa. Tafuta duara jingine. Keti mikutano mitatu au minne kabla ya kuamua, kama ulivyoonja baa zote kutoka Kiwatule hadi Bukoto kabla ya kuchagua yako. Angalia: usipokuja, kuna atakayeuliza uko wapi? Aliyeanguka wiki jana akirudi, anavutiwa kiti au anatazamwa vibaya? Wazee wenye miaka mingi bila pombe wanasema ukweli wao, au wanasimulia ushindi tu? Mkutano unaomkaribisha aliyelewa jana ndio wako, kwa sababu kuna siku mtu huyo atakuwa wewe.

Ondoka palipo na mtu anayekudai ada mlangoni, anayekupiga picha, au anayekuambia uache dawa ulizopewa hospitali. Alcoholics Anonymous, chama cha wanaoacha pombe, hawatozi kiingilio. Kikapu kikipita unaweka ukiwa nacho, na sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa. Jina la kwanza linatosha.

Lugha nayo ipime kwa makini. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mkutanoni Kampala jiandae kwa Kiingereza au Kiganda. Kwa lugha ya kuazima unaweza kusema una tatizo la kilevi bila sauti kubadilika. Jaribu kusema "mimi ni mlevi" kwa lugha uliyomsikia mama akilia nayo. Kama ulitoka Bukavu au Mombasa na neno hilo linakukwama kooni, mtafute mtu mmoja mle ndani atakayekusikiliza kwa Kiswahili baada ya kikao.

Na ukikosa kabisa? Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, naye alikosa. Mwezi Mei 1935 alikuwa kwenye hoteli mjini Akron, Ohio, biashara imemharibikia, miezi michache tu tangu aache pombe, na sauti za baa ya hoteli zinamfikia. Hapakuwa bado na mkutano wa chama hicho popote duniani. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa, akiomba aonyeshwe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Ndivyo alivyokutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye ulevi ulikuwa unammaliza. Watu wawili, sebule ya mtu, mazungumzo ya saa kadhaa. Daktari yule alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa chama.

Basi hata Ntinda, wawili wanatosha. Unamjua wa pili: ni yule wa kwenye duara lako ambaye siku hizi anashika mrija bila kuuvuta, anatazama chini. Mwite pembeni kabla giza halijaingia. Mnunulie chai. Badilishaneni namba za simu, mkubaliane kwamba atakayetamani kunywa atapiga kabla ya kunywa, hata saa tisa usiku. Kisha mkirudi nyumbani mwambieni wa bodaboda asipite njia ya chungu.