Pongezi kwa Walinzi wa Bureti Yetu

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Kulinda Maarifa Yasitoke,
Chuo Chetu Kitukufu.

YAH: PONGEZI KWA KUIFUNGIA VIDEO YANGU

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 2020, korona ilipofunga vyuo, niliikaza simu yangu kwa mpira kwenye stendi ya maabara nikarekodi titresheni: asidi ndani ya chupa, matone mawili ya fenolfthalini, hidroksidi ya sodiamu ikidondoka kutoka kwenye bureti. Tone la mwisho likatua, pinki hafifu ikatanda, haikufutika. Dakika tisa tu, nanyi mkaifungia video nyuma ya nywila, ya wanafunzi wetu pekee.

Mwenzangu wa chuo jirani, ambako bureti sita hugombewa na darasa zima, akaiomba video hiyo. Mkamjibu kwa busara: hiyo ni mali ya chuo, ajaze fomu, isainiwe na wakubwa watatu, kisha asubiri kikao. Bado anasubiri.

Laiti mngekuwa Marekani, mngemwokoa Carl Wieman. Bwana yule alipata Nobeli ya fizikia 2001. Mwaka uliofuata akaanzisha PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder: majaribio ya kuigizwa kwenye kompyuta, saketi, mawimbi, asidi na besi, bure kwa yeyote, mengine yametafsiriwa hadi kwa Kiswahili! Hakumdai mtu hata fomu. Nao UNESCO, Novemba 2019, wakapitisha pendekezo kuhusu rasilimali huria za elimu. Huria! Neno hilo lisisikike kwenye korido zenu.

Sasa niungame: video imevuja. Nani kaivujisha, sijui. WhatsApp haina mlinzi getini. Juzi mwanafunzi nisiyemfahamu kaniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Dakika ya saba umesoma 23.4 kwenye bureti, lakini simu, iliyokuwa usawa wa kimiminika, inaonyesha 23.6. Nadhani uliangalia kutoka juu."

Nimeirudia mara tatu. Kasema kweli. Na wanafunzi wetu wamelinakili kosa hilo miaka yote, salama salimini nyuma ya nywila yenu. Wahenga walijua: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Naomba mwongozo: huyu aliyetusahihisha naye ajaze fomu, au tuendelee na 23.4 mpaka kikao kikae?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Maabara