Ombi la Posho ya Kukaa Chini

Kwa Wakuu wa Launji,
Kituo cha 3,
Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Dubai.

YAH: POSHO KWA ABIRIA WALIOKO NJE YA LAUNJI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini hamjambo, na kwamba mazulia ya huko juu bado yanameza unyayo. Siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kusafiri ili walinganishe launji. Huyu anazipima kwa aina za jibini, yule kwa upana wa bafu. Nimewafuatilia kwa makini, na nakubaliana nao kwamba Konkosi A, mliyoifungua mwaka 2013 kwa ajili ya ndege za A380, ni kazi ya watu waliofikiri. Daraja la kwanza lina ghorofa yake nzima, daraja la biashara lina ya kwake, na baadhi ya milango humtoa abiria sofani ikamwingiza ndegeni moja kwa moja, sehemu ya juu, bila kukutana na mtoto hata mmoja anayelia. Sisi tunaingilia chini, tunakaa chini, na ndege ikishapaa, hata mawinguni bado tuko chini yao. Mpangilio kama huo hauji kwa bahati.

Tatizo langu ni kwamba walinganishaji hupima launji kwa launji. Dubai na Istanbul, ambako mpishi huoka pide mbele ya mgeni. Istanbul na Frankfurt, ambako Lufthansa ilifungua mwaka 2004 jengo zima la daraja la kwanza, lenye mabeseni ya kuogea na bata wa mpira wa kuchezea humo, zawadi kwa mtu mzima mwenye kampuni tatu. Hakuna anayeteremka kulinganisha launji na geti, na ulinganisho wa maana ni huo tu. Supu ya dengu ni supu ya dengu. Utamu wake kule juu unatokana na kujua kwamba huku chini, saa tisa usiku, kuna mtu amejifunika kanga, kichwa kakilaza juu ya begi, anasubiri ndege ya asubuhi ya Dar es Salaam. Tuondoeni sisi, mtabaki na mgahawa wenye viti vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. American Airlines ilipofungua Admirals Club pale LaGuardia, New York, mwaka 1939, watu waliingia kwa mwaliko. Walioupa mwaliko huo thamani ni wale walioukosa, na hakuna aliyewalipa hata senti.

Nanyi thamani yetu mnaijua, ndiyo maana mmeweka ngazi za kadi: Buluu, Fedha, Dhahabu, Platinamu. Buluu anakaa nje. Fedha anaruhusiwa launji ya daraja la biashara hapo Dubai, ila si ya daraja la kwanza, ili naye asikose wa kumwonea wivu. Mwaka 2024 walipita uwanjani hapo abiria milioni 92.3. Wengi wao walikuwa kazini bila mkataba.

Kwa hiyo tunaomba posho. Kwetu mbunge hulipwa posho ya kikao kwa kukaa kwenye kiti cha sponji. Sioni kwa nini anayekaa kwenye vigae akose. Kiti cha geti kipewe robo, zulia nusu, vigae posho kamili. Aliyelala mkabala na lifti ya launji aongezewe posho ya mazingira magumu, maana huyo ndiye wanayemwona wakishuka. Na mabinti wanaorudi Mombasa na Tanga baada ya miaka ya kufua na kupika katika nyumba za Ghuba walipwe malimbikizo. Wao wameshatandika vitanda vingi vya watu wa ghorofa za juu.

Wakorofi watawashauri njia ya mkato: wekeni bafu la kuoga karibu na kila geti, viti visivyo na mikono, mtu ajinyooshe. Msiwasikilize. Nani tena atahangaika kukusanya maili? Tayari mmeshateleza. Intaneti mmeifanya ya bure kwa wote, na vyumba vya sala havimwombi mtu kadi. Humo mwenye Platinamu husimama safu moja na muuza vitenge wa Kariakoo, bega kwa bega, viatu vyao vyote viko mlangoni. Sisemi mvifunge, Mungu apishe mbali. Nawatahadharisha tu, kibiashara.

Malipo yafanyike getini, kwa fedha taslimu, kabla ya kupanda ndege. Nitasaini nikiwa nimelala.

Wenu katika kuikuza launji,
Abiria wa daraja la kawaida,
kadi ya Buluu.

Nakala: Mhudumu wa mlango wa launji, kwa taarifa. Tafadhali asije akanifungulia kwa huruma, nitakosa posho.