Njooni Mpime Gizani

Waheshimiwa wataalamu wa kupima kelele na mitetemo ya miradi mikubwa,

Sisi wa Mwamgongo, majirani wa Hifadhi ya Gombe, tunawapongeza. Kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zimegawa siku vizuri: mchana kelele ruksa zaidi, usiku pungufu, maana usiku wananchi wamelala. Kasoro ni moja tu. Kwetu usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao, wakivua dagaa. Wanarudi alfajiri, na saa tatu asubuhi ndio wako kwenye usingizi mzito, saa ileile kanuni inapomlegezea mkandarasi kamba. Mbalamwezi ikitoka wanapumzika, wanalala usiku kama watu wa Dodoma. Tunaomba basi kifaa chenu kijifunze kusoma mwezi.

Najua mtasema reli ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, haifiki kijijini kwetu. Kweli. Mwenzetu ananyolewa, sisi tunatia maji.

Hesabu yenu ya wastani ndiyo imetukosha zaidi. Treni ipite kwa desibeli 80 dakika moja, dakika 59 zilizobaki pawe kimya: wastani wa saa nzima unakuja kama desibeli 62, yaani watu wawili wakipiga soga barazani. Mama ambaye kichanga chake kimeshtuka aambiwe ni soga tu. Kwa hesabu hiyohiyo, aliyezama ziwani dakika moja alishinda nchi kavu.

Sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, huitana kutoka bonde moja hadi jingine. Wao hawajazi fomu ya malalamiko, kwa hiyo kazi yenu hapo ni nyepesi.

Mitetemo nayo: nyumba zetu za tofali zimeng'ang'ania mteremko. Pigeni picha kila ukuta kabla ya baruti ya kwanza, la sivyo kila ufa tutaambiwa ulikuwepo tangu Mjerumani, au umeletwa na tetemeko la Bonde la Ufa.

Pandeni boti Kibirizi, mje wakati wa giza. Mtakesha ziwani na vijana, kisha asubuhi tutawapa kitanda kizuri, dirisha likitazama pale fundi anapogongelea misumari mitumbwi. Tutahakikisha havuki kiwango cha mchana.