Onyesha Njia

Mwalimu wa hisabati hana mzaha: jibu bila njia ni sifuri. Hata ukipatia, kalamu nyekundu inauliza, "Umeipata wapi?"

Juzi nikapewa barua ya kupeleka nyumbani. Ada za sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, zilifutwa mwaka 2016, kwa hiyo hii si ada, jamani, ni michango. Dawati 30,000, mlinzi 10,000, mitihani ya majaribio 20,000, na "mengineyo". Jumla 85,000. Aljebra ndiyo hii sasa: mengineyo ni x, na x ni 25,000. Nilifurahi kuipata bila kikokotoo.

Mama, ambaye aljebra hakuisoma, alitazama barua mbele na nyuma akauliza njia iko wapi.

Nikamjibu: wakubwa wanaruhusiwa kuandika jibu tu.