Fundi, Badilisha Tu Hiyo Sensa

Mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa, haujui kuficha aibu ya mtu. Gari lililokuwa likipita mabasi tangu Mikumi linanywea ghafla: taa ya njano yenye picha ya injini inawaka, dereva anakanyaga mafuta hadi pedali inagusa zulia, na mshale wa mizunguko unagoma kwenye 2,000 na ushei. Nyuma, lori la saruji linapiga honi likitaka njia. Ndani, kila abiria kashakuwa fundi. Mmoja anasema mafuta ya sheli ya mwisho yana maji. Mwingine anasema plagi. Mjomba wa kiti cha nyuma, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, anasema ni giaboksi na lazima ishushwe. Wote wanalijadili gari bovu, kumbe wakati huo gari linatekeleza kwa utii kabisa kile lilichofundishwa kiwandani.

Magari mengi yaliyoundwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana tena ile kebo ya chuma iliyounganisha pedali na throtoli, yaani mlango wa kupitishia hewa ya injini. Pedali ina sensa mbili, throtoli nayo ina zake mbili, na kila jozi huipelekea kompyuta habari ileile kwa njia mbili. Habari zikipingana, kompyuta haipotezi muda kuuliza nani mkweli. Inakata umeme wa mota ya throtoli, springi inauacha mlango wazi kidogo tu, na gari linabaki na nguvu ya kujikongoja hadi pembeni au hadi gereji ya karibu. Giaboksi ya otomatiki nayo ikishuku jambo hung'ang'ania gia moja, mara nyingi ya tatu. Injini ya turbo hunyimwa msukumo wake. Mafundi wa mjini huiita hali hii limpu modi, na wenye magari huiita majina yasiyoandikika gazetini. Lakini fikiria throtoli iliyokwama wazi wakati unauteremka mlima ule ule, halafu useme kama kupigiwa honi na lori la saruji si heshima.

Kwa hiyo gari kujikongoja mara moja si jambo la kushangaza. La kushangaza ni lile linalojikongoja mwezi mzima, linatoka gereji likiwa zima, na kufikia Ijumaa limerudi palepale. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa wa namna hii hauishi kwenye gari pekee. Unaishi kwenye mapatano yetu na fundi: tuko tayari kulipia spea, hatuko tayari kulipia upimaji. Fundi akiandika kwenye risiti "sensa", mwenye gari ananung'unika na kutoa pesa, maana sensa inashikika na ina boksi lake. Akiandika "kupima, masaa matatu", anaulizwa, "Kwani umefanya nini?" Na fundi ana watoto wanaosoma. Amejifunza kuuza kinachonunulika.

Mashine ya kusomea hitilafu ndiyo inayokoleza mkanganyiko huu. Soketi yake ya pini 16, iliyo chini ya dashibodi, ilikuwa sharti Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa ya petroli. (Magari mengi ya zamani yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana soketi yenye umbo lile lile lakini lugha yake ni nyingine, ndiyo maana kimashine cha bei ya chini huchomekwa kikabaki kukodoa macho.) Mashine ikitoa P2135, inachosema ni kwamba sensa mbili za throtoli hazikubaliani. Haijasema throtoli imekufa. Huenda waya umekatika ndani ya ganda lake, huenda soketi imeingia maji, na huenda sensa hizo hazina kosa lolote. Sensa kadhaa hulishwa na mstari mmoja wa volti 5, na moja tu, hata ya upande mwingine kabisa wa injini, ikipiga shoti, inaushusha umeme wa zote. Mashine itataja majina matatu. Mwenye gari, akiwa na haraka, atasema maneno yaliyosomesha watoto wa wauza spea wa Gerezani na wa Kirinyaga Road: fundi, badilisha tu hiyo sensa.

Hapa nitaambiwa kwamba kubadilisha mara nyingi kunatibu, na ushahidi upo, gari lilitoka likiruka. Ni kweli lilitoka likiruka. Ila angalia mkono wa fundi unapobadilisha. Kwanza anatoa waya wa hasi wa betri, na katika magari mengi kumbukumbu ya kompyuta inafutika. Kisha anachomoa soketi na kuchomeka upya, na vile vijiti vya shaba vilivyoota kutu vinasuguana na kung'aa. Katikati ya kazi anausogeza mkanda wa nyaya uliokuwa umejikunja vibaya tangu injini iliposhushwa miaka mingi nyuma. Angerudisha sensa ile ile kuukuu, gari lingeweza kuondoka likiruka vilevile. Siku ya joto kali, kwenye foleni, waya unatanuka, mguso unapotea, na taa inarudi kana kwamba ilikwenda likizo.

Hasara kubwa zaidi ni ile isiyoonekana kwenye risiti. Hitilafu inapotokea, kompyuta huhifadhi picha ya dakika ile: mizunguko ya injini, joto la maji, mwendo wa gari. Ukiisoma utajua kama tatizo linakuja injini ikiwa ya baridi au ya moto, mlimani au tambarare. Kuifuta kabla ya kuisoma ni sawa na polisi kudeki chumba kabla ya kuchukua alama za vidole. Na bado kufuta ndiyo huduma inayopendwa kuliko zote, kwa sababu taa inazimika mbele ya macho ya mteja.

Hebu tusogee karibu na betri. Kuna waya mnene mweusi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Magari yetu mengi hufika yakiwa tayari na umri: Kenya imeweka kikomo cha miaka 8 kwa gari linaloingizwa, Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na baada ya hapo tunaliendesha miaka mingine kumi pwani kwenye chumvi. Juu, nati ya waya ule imekaza vizuri. Chini ya nati, kati ya chuma na chuma, pana ukoko mweupe wenye kijani unaopukutika ukiukwangua kwa kucha. Kuupima hakuhitaji kompyuta. Mita iwekwe kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Isizidi sana volti 0.2. Ikisoma karibu volti 1, kila sensa inayotegemea bodi inaweza kuwa inasingiziwa. Dawa ni spana namba 10, kipande cha msasa na muda mfupi tu. Hakuna wa kuuza kitu hapo, na ndiyo sababu waya huu hauna mtetezi.

Wazee wa gereji watasema enzi za kabureta haya hayakuwepo, Peugeot 504 ilitengenezwa kwa waya na kipande cha sabuni. Nakubali kuhusu sabuni, iliziba matangi mengi. Lakini fundi hodari wa enzi hizo hakufunga pointi za distributa kwa kukisia. Alichomeka geji kwenye mwanya, na asiye na geji alitumia kipande cha msumeno wa chuma ambao unene wake aliujua. Alipima. Tulichopoteza ni kipimo, si kabureta.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: sensa nyingine hufa kweli, na upimaji waweza kumaliza siku bila kuona kitu, kwa kuwa hitilafu imegoma kutokea mbele ya fundi. Yote mawili ni sahihi. Throtoli kuukuu yenye sensa za kusugua hulika pale mkono wake unapokaa muda mwingi. Lakini hilo nalo linaonekana kwa mita: fungua mlango wa hewa taratibu, tazama volti zikipanda, na mahali palipolika moja itaruka ghafla. Hapo nunua spea, hata ya mtumba, kwa moyo mweupe. Na siku ikiisha bila jibu, fundi alipwe siku yake. Amekuondolea nyaya kumi na mbili za kushuku, na hiyo ni kazi kubwa kuliko kukuuzia boksi. Bei ya kupima ipatanwe kabla boneti halijafunguliwa, na jioni, kabla ya kutoa pesa, muulize alipata volti ngapi. Akikwambia zilikuwa nzuri tu, mpe hela ya chai, chukua funguo zako.