Sifa za Perere

Wanaolala kwenye nyumba za wageni za msituni, upande wa Mau juu ya Elburgon, huja na darubini kumfuata shorobo wa Hartlaub. Ni mzuri, sikatai, ila maringo yamemzidi. Anashinda amejibanza kwenye majani, anakumulikia wekundu wa mabawa mara moja akiruka, basi. Na pesa umeshalipa. Mimi namsifu perere, pimbi wa mitini, ambaye hamdai mtu darubini wala subira. Kinachotakiwa ni masikio, hata yakiwa chini ya mto.

Anaanza usiku, ndiyo kwanza blanketi la pili limeanza kushinda baridi. Kwanza ni mkwaruzo, kama mlango wa bawaba zilizokosa mafuta tangu enzi za mkoloni. Mkwaruzo unapanda, unakaza, kisha yowe. Halafu yowe jingine juu ya lile. Dume huyu akinyamaza, wa mti wa pili anajibu. Unakaa kitandani ukijiuliza nani anachinjwa.

Hachinjwi mtu. Ni mnyama wa kilo tatu hivi, mwenye manyoya mazito na vijino viwili vinavyochomoza. Wataalamu wanasema jamaa zake wa karibu ni tembo na nguva. Katika urithi huo mkubwa yeye aliachiwa kelele, na alipunjika kwa faida: sijasikia jangili anayeuza sauti. Tena ana adabu ya choo. Anarudi palepale kila mara, ustaarabu ambao baadhi ya stendi zetu za matatu bado zinaungoja.

Waogiek, wenyeji wa msitu huu, walimthamini zamani kabla ya watalii. Walijifunika ngozi zake dhidi ya baridi hii hii, heshima ambayo nadhani mwenyewe angeikataa.

Lakini kazi yake hasa ni ukaguzi wa misitu. Mchana hujificha kwenye uwazi ndani ya mti, na mti haufanyi uwazi mpaka uzeeke. Kwa hiyo shamba la misaipresi iliyopangwa mistari halimfai. Huko usiku ni kimya, mgeni analala fofofo. Linganisha na ukaguzi wa watu: Elburgon ni mji wa mbao. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, misumeno ilinyamaza na vijana wakakosa vibarua. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza akiwa Molo kwamba marufuku imekwisha. Katikati hapo kulikuwa na vikao, na vikao vina chai na posho. Perere hajawahi kudai hata nauli. Palipobaki miti mizee anapiga yowe, palipokwisha hasikiki, na ripoti yake haihitaji muhuri.

Kwa hiyo mgeni akishuka asubuhi macho mekundu, akilalamika kwamba hakulala, mwenye nyumba asithubutu kumwomba radhi. Amwongezee kwenye bili: burudani ya usiku, pamoja na ushuru wake.